Bukini Ilipokuwa Imeshikana na Pwani Yetu: Ushahidi Uko Mazeras, Mariakani na Tanga

Kila nikisema barazani kwamba Bukini, yaani Madagascar, wakati mmoja ilikuwa imeshikana na pwani hii yetu, hujibiwa kwa kicheko. Mmoja huuliza kama ilivutwa kwa kamba. Mwengine huuliza: "Nani alikuwepo akaona?" Swali hili la pili ni zuri, na ndilo lililonifanya niandike. Hakuna aliyekuwepo. Mambo haya yalitokea mamilioni ya miaka kabla binadamu hajaumbwa. Basi tunajuaje?

Wala msidhani ni habari ya kupitishia wakati tu. Historia ya mawe haya ndiyo inayoamua kwa nini mtu wa Samburu au Kinango anachimba kisima akakuta maji ya chumvi, na mwenzake wa Tiwi akachimba akapata maji matamu. Nitafika huko. Kwanza tuweke msingi.

Bara lililokuwa moja

Yapata miaka milioni 300 iliyopita, Afrika, Amerika ya Kusini, Bara Arabu, Madagascar, India, Australia na Antaktika zilikuwa nchi kavu moja kubwa. Wanasayansi huliita bara hilo Gondwana. Jina limetoka India, katika eneo wanaloishi watu wa kabila la Wagondi, ambako matabaka fulani ya mawe yalichunguzwa mapema. Mwaka 1885 mtaalamu wa Austria, Eduard Suess, alilitumia jina hilo kwa bara zima alilodhani liliwahi kuwepo kusini mwa dunia. Suess aliamini sehemu za bara hilo zilizama zikawa bahari. Hakudhani kwamba nchi zilihama.

Aliyesema zimehama ni Mjerumani Alfred Wegener, mwaka 1912. Kazi yake hasa ilikuwa elimu ya hali ya hewa, na hilo lilimponza, kwa sababu wataalamu wa mawe walimwona mgeni aliyeingia shamba lisilo lake. Aliandika kitabu mwaka 1915, akakirekebisha mara kadhaa, akafariki kwenye barafu ya Greenland mwaka 1930 akiwa na miaka 50, na wengi bado hawajamwamini. Walikuwa na hoja: hakuweza kueleza ni nguvu gani inayoweza kusukuma bara zima. Mtaalamu wa Uingereza, Harold Jeffreys, alionyesha kwa hesabu kwamba nguvu alizotaja Wegener zilikuwa dhaifu mno. Katika hilo Jeffreys alikuwa sahihi. Lakini kutojua kitu kimesukumwa na nini si dalili kwamba hakikusukumwa.

Leso iliyochanika

Ili kuelewa namna ushahidi unavyokusanywa, chukua leso. Tuseme imechanika vipande vitano, vikatupwa nyumba tano tofauti. Utajuaje kwamba ni leso moja? Kwanza utatazama ukingo uliochanika, kama kipande hiki kinaingiana na kile. Kisha utatazama pindo na mji, kama ua lililoanzia kipande cha kwanza linaendelea kwenye cha pili. Mwisho utasoma jina, yale maneno yaliyoandikwa chini. Kama ukingo unaingiana, maua yanaendelea na maneno yanasomeka, hakuna atakayekubishia.

Mabara nayo ni hivyo. Ukingo wake, hata hivyo, si ufuo. Fuo zetu za Nyali na Diani ni za juzi tu. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa takriban mita 120, na matumbawe mengi tunayoyaona yakiwa nchi kavu yalikuwa yameota baharini kabla ya hapo. Ukingo wa kweli wa bara uko ndani ya maji, pale sakafu ya bahari inapoteremka ghafla kuingia kilindini. Mwaka 1965 Edward Bullard na wenzake wa Cambridge walitumia kompyuta kuunganisha Afrika na Amerika ya Kusini kwa kufuata ukingo huo wa chini ya maji, wakakuta zinaingiana kwa karibu mno kuliko ilivyotarajiwa.

Maua ya leso ni mawe yenyewe. Nchini Afrika Kusini kuna miamba ya miaka karibu milioni 300 iliyokwaruzwa na barafu nzito iliyokuwa ikitambaa juu yake. Alama kama hizo, za wakati huo huo, ziko Brazil, Australia na hata India, ambako leo ni joto. Ukiziacha nchi hizo pale zilipo leo, utalazimika kuamini kwamba barafu ilifunika karibu nusu ya dunia. Ukizikusanya upande wa kusini, barafu inakuwa moja, nayo inakaa karibu na ncha ya kusini inapostahili kukaa. Mtu aliyeifanya kazi hii kwa bidii kubwa ni Alexander du Toit wa Afrika Kusini. Alikwenda Amerika ya Kusini kuyatazama mawe kwa macho yake, akachapisha ulinganisho wake mwaka 1927 na kitabu kizima mwaka 1937.

Jina la leso ni viumbe. Kuna mmea wa kale unaoitwa Glossopteris, wenye majani mfano wa ulimi. Alama zake zimepatikana katika mawe ya Afrika, India, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika. Kapteni Robert Scott na wenzake walipokufa wakirejea kutoka ncha ya kusini mwaka 1912, miili yao ilipatikana pamoja na kilo 16 za mawe waliyokataa kuyatupa ijapokuwa walikuwa hoi. Ndani ya mawe yale mlikuwa na Glossopteris. Kisha kuna Lystrosaurus, mnyama mnene mwenye meno mawili yaliyochomoza, ambaye mifupa yake iko Afrika Kusini na India. Mwaka 1969 akapatikana Antaktika pia. Mnyama wa nchi kavu wa umbo lile hawezi kuvuka bahari kwa kuogelea.

Ndugu watatu: wa Tanga, wa Mariakani na wa Bukini

Mpaka hapa vitabu vya shule hutaja mifano ya mbali. Lakini sisi tuna yetu.

Mwaka 1924 mtaalamu Sidney Haughton alieleza kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, kilichotoka Tanga. Alikiita Tangasaurus. Alikuwa mnyama mfano wa mjusi mwenye mkia mrefu. Madagascar nako akapatikana jamaa yake, Hovasaurus, mwenye mkia bapa wa kuogelea na vijiwe tumboni, ambavyo wataalamu hudhani alivimeza ili vimsaidie kuzama. Kisha mwaka 1977 John Harris na Robert Carroll wakamtangaza wa tatu, aliyetoka kwenye mawe ya Mariakani. Jina lake kamili ni Kenyasaurus mariakaniensis. Ndiyo, Mariakani hii hii ya mizani ya malori. Watatu hao waliishi katika vipindi vilivyokaribiana, yapata miaka milioni 260 hadi 250 iliyopita, na wataalamu waliwaweka katika ukoo mmoja.

Mbishi atasema: mbona hao ni waogeleaji, si wangeweza kuvuka tu? Hoja yake ina uzito, na ndiyo maana ushahidi wa kiumbe mmoja hautoshi. Kutoka Mombasa hadi ncha ya kaskazini ya Madagascar ni zaidi ya kilomita 1,000. Lakini hata umbali peke yake si jibu. Tazameni lemuri wa Madagascar, jamaa wa komba wetu. Hao hawakwenda kwa miguu. Wahenga wao walifika kisiwa kikiwa kimeshajitenga zamani, na wanasayansi wengi wanaona walichukuliwa na mikondo juu ya magogo na vichaka vilivyong'olewa na mafuriko. Watu wa Madagascar nao lugha yao ina asili ya upande wa Borneo, nao walifika kwa vyombo vya baharini. Kwa hiyo kufanana peke yake hakusemi kitu mpaka ujue tarehe. Kiumbe aliyeishi kabla ya kutengana anaweza kuwa shahidi wa muungano. Aliyetokea baadaye ni msafiri.

Safari ya kurudi nyuma, Mombasa hadi Mackinnon Road

Mwenye nauli ya matatu anaweza kujionea mwenyewe namna bara lilivyopasuka. Anzia kisiwani Mombasa ukielekea bara. Unaanza juu ya matumbawe, mawe yale yaliyojenga Fort Jesus na Mji wa Kale, ambayo ni machanga kabisa kwa hesabu ya mawe. Ukivuka kwenda Changamwe unaingia katika udongo wa kale ulioshikamana ukawa mawe ya matabaka membamba. Huu ulitulia chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Upande wa Kilifi, chini ya matabaka hayo, kuna mawe ya chokaa yanayojulikana kwa jina la Kambe, ya miaka karibu milioni 170. Hayo ndiyo yanayoonyesha bahari ikiingia kwetu sawasawa kwa mara ya kwanza.

Endelea mbele. Mazeras unakuta mawe ya mchanga, na ndani yake miti iliyogeuka jiwe. Ni mawe ya nchi kavu, ya mito. Mariakani ni mawe ya mchanga laini zaidi, yale yanayopasuliwa kwa vipande bapa na kupelekwa hadi Nairobi kutandazwa kwenye nyua za matajiri. Ukipata kipande kizuri, utaona juu yake mikunjo midogo midogo kama ile inayoachwa na maji kwenye mchanga wa ufuoni. Ni maji yale yale yaliyopita hapo zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Kisha unafika Maji ya Chumvi, kisha Taru, ambako mawe ni ya zamani zaidi, yanayokaribia miaka milioni 300. Mwishowe, karibu na Mackinnon Road, unakanyaga mwamba mgumu wa msingi uliokuwepo kabla ya hayo yote.

Yasomeni matabaka hayo kutoka chini kwenda juu. Kwanza mwamba wa msingi. Kisha ardhi inanyooka na kudidimia, inakuwa bonde lenye mito na maziwa, kama Bonde la Ufa lilivyo leo kule Naivasha na Baringo. Kisha, baada ya zaidi ya miaka milioni 100, bonde linapasuka na bahari inamwagika ndani. Anayetaka kujua pwani yetu ilikuwaje Bukini ilipoanza kujitenga, aende akaangalie Bonde la Ufa.

Mwamba wa msingi nao una la kusema. Uliiva kwa joto na mgandamizo wakati vipande vilivyounda Gondwana vilipogongana, yapata miaka milioni 600 iliyopita. Katika mwamba huo, Taita, ndimo kinamopatikana kile kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo, tsavoraiti. Kinapatikana pia Tanzania. Na kinapatikana Madagascar. Ni ua moja la leso katika vipande viwili.

Bahari iliyoingia ilileta wageni wake. Katika matabaka ya Mombasa kuna amonaiti, viumbe wa baharini wenye magamba yaliyojiviringa kama pembe ya kondoo dume. Mjerumani Beyrich aliandika habari zao tangu mwaka 1877. Jamaa zao wa karibu wako Madagascar na Kutch, kaskazini magharibi ya India. Wakati huo India na Madagascar zilikuwa bado zimeshikana, na bahari nyembamba iliyofunguka iliziosha fuo zote tatu. Zamani sana kabla majahazi ya Kutch hayajatia nanga Mombasa, makombe ya Kutch na ya Mombasa yalikuwa ya mtaa mmoja.

Sumaku ya sakafu ya bahari

Lilibaki swali moja lililowagawa wataalamu kwa miaka mingi. Wote wakikubali kwamba Madagascar ilishikana na Afrika, ilishikana wapi? Wengine walisema Msumbiji, kwa sababu ndiko karibu leo, kilomita 400 tu. Du Toit aliiweka juu zaidi, mkabala na Kenya na Tanzania.

Jibu lilitoka chini ya bahari. Sakafu ya bahari inapopasuka, uji wa moto hupanda, hupoa na kuwa mwamba. Unapopoa, chembe za chuma ndani yake hujipanga kufuata sumaku ya dunia, kama sindano ya dira. Na sumaku ya dunia ina tabia ya kugeuka baada ya muda mrefu, kaskazini ikawa kusini. Kwa hiyo sakafu hujiandikia mistari, mmoja wa sumaku hii, unaofuata wa sumaku ile, pande zote mbili za ufa, kwa mpangilio unaolingana. Fred Vine na Drummond Matthews walilieleza jambo hili mwaka 1963, na hapo ndipo hoja ya Wegener ilipopata nguvu upya miaka zaidi ya 30 baada ya kifo chake.

Mwaka 1983 Philip Rabinowitz na wenzake walichapisha vipimo vya mistari hiyo katika bahari iliyo mbele ya Kenya na Somalia. Mistari inakwenda mashariki na magharibi. Maana yake sakafu ilifunguka kwa kuvutana kaskazini na kusini. Madagascar haikusukumwa upande kutoka Msumbiji. Iliteleza kuelekea kusini kutoka kwetu, kati ya takriban miaka milioni 155 na 120 iliyopita, kisha ikasimama pale ilipo. Baadaye, karibu miaka milioni 90 iliyopita, India nayo ikaiacha Madagascar, ikaenda kuigonga Asia na kuinua Himalaya.

Maji ya chumvi na maji matamu

Sasa nitimize ahadi. Matabaka ya Maji ya Chumvi ni udongo laini ulioshikamana. Hayapitishi maji kwa urahisi. Maji yakiingia humo hukaa muda mrefu yakifyonza chumvi ya mwamba. Wazee waliopapa mahali pale jina hawakuwa na maabara, lakini walionja. Mawe ya Mazeras na ya Shimba Hills ni ya chembe kubwa. Maji ya mvua hupita, yakachujika, yakatoka kwenye chemchemi kama za Marere, zinazopeleka maji Mombasa tangu zama za ukoloni. Tiwi nako kuna mchanga na matumbawe yanayoshika maji matamu, maadamu hayachotwi kupita kiasi yakakaribisha maji ya bahari.

Kwa hiyo mradi wa visima unapoletwa kijijini, swali la kwanza lisiwe mashine itafika lini. Liwe: tunachimba katika tabaka gani? Ramani za mawe ya pwani zipo, zilichorwa miaka mingi iliyopita. Kisima cha fedha nyingi kikichimbwa ndani ya matabaka ya Maji ya Chumvi bila uchunguzi, wanaolipa ni kina mama watakaorudi kubeba madumu. Ni haki ya wananchi kumuuliza mjumbe wao wa wadi jambo hilo kabla utepe haujakatwa.

Kuna hasara nyengine isiyopigiwa kelele. Yule Kenyasaurus wa Mariakani alipatikana bila kichwa, na bila kichwa kuna mengi ya ukoo wake yasiyoweza kuthibitishwa. Pengine kichwa cha mwenzake kiko bado ardhini. Pengine kimeshasagwa kokoto au kimelala kifudifudi kwenye ua wa mtu Nairobi. Vijana wanaofanya kazi kwenye matimbo ya Mariakani, Mazeras na Jaribuni huona mawe mengi kwa siku moja kuliko mtaalamu anavyoona kwa mwaka. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inavilinda visukuku, lakini sheria haina macho. Wenye macho ni vijana hao.

Ukiona kwenye jiwe umbo la mfupa, la samaki, la jani au la kombe lililojiviringa, usiligonge nyundo kulitoa. Lipige picha na simu, weka alama mahali lilipo, kisha upeleke habari makumbusho. Fort Jesus kuna ofisi. Walimu nao, badala ya kuwachorea watoto ubaoni ramani ya Gondwana iliyotoka kitabuni, wawapeleke siku moja barabara ya Mazeras hadi Taru.

Na kazi ya kupasuka haijaisha. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba upande huu wa mashariki ya Bonde la Ufa, pamoja na Mombasa, Lamu na Tanga, unajitenga na Afrika nyengine kwa milimita chache kila mwaka. Tangu Wareno waanze kujenga Fort Jesus mwaka 1593, hazijapita mita mbili tatu. Ni kidogo, lakini Bukini nayo ilianza hivyo hivyo.